Bega la Tabibu Chediel

Miaka yote aliyokuwa tabibu katika zahanati za Iramba, Chediel alikuwa na jibu moja kwa ugonjwa asioujua: "Vipimo havionyeshi kitu. Utazoea." Wengine walizoea, wengine wakaenda kwa Wachina wa tiba asili mjini Singida, naye akawacheka. Aliwaita watu wa mizizi.

Akastaafu, akarudi Kinampanda kulima alizeti, na huko bega la kulia likamkamata. Mkewe, Asnath, ndiye aliyemvalisha shati. Alijitibu kwa kila kidonge alichowahi kuwaandikia wengine, akaishia kuumwa na tumbo pia. Hospitalini alipigwa picha. Daktari kijana akaitazama, akasema kwa upole, "Mzee wangu, picha haionyeshi kitu. Utazoea tu."

Alipomsimulia Asnath, mama wa watu alicheka hadi akakaa chini.

Usingizi ulipokataa kabisa, Chediel alipanda basi kwenda Singida, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, barakoa usoni. Kwenye benchi la kliniki ya Wachina alimkuta Febronia, mama wa Kinampanda ambaye yeye Chediel aliwahi kumfukuza zahanatini kwa ajili ya mizizi hiyohiyo.

"Shikamoo, daktari," akasema Febronia.

"Marahaba. Nimekuja kukagua tu."

"Haya. Ukikagua, vua shati. Wanapenda hivyo."

Ndani, mganga wa Kichina, mama mwenye Kiswahili cha kuungaunga, alimchoma sindano begani, kisha mguuni.

"Mama, ugonjwa uko begani."

"Najua. Lala."

Tabibu aliyewachoma sindano watu wa nusu ya wilaya akafumba macho. Alipouliza zinafanyaje kazi, alielezwa njia za nguvu mwilini, na hakusikia hata mshipa mmoja anaoufahamu. Unga wa mizizi aliopewa ulimharisha, akauacha. Sindano hakuziacha. Baada ya kurudi mara kadhaa, mkono ulipanda hadi usawa wa sikio, na usingizi ukarudi. Huenda ni sindano. Huenda bega lenyewe lilichoka kuuma; chuoni walifundishwa kwamba mengine hupona yenyewe, ingawa hawakufundishwa kwa nini.

Jumapili moja, nje ya kanisa, jirani yake Yeremia akamuuliza, "Daktari, hivi dawa za Wachina zinatibu kweli?"

Chediel akakohoa kitabibu, akatafuta neno kubwa, akalikosa.

"Sijui," akasema.

Yeremia alimtazama kwa huruma, akamshukuru, akaenda kumtafuta Febronia.