Abiria Aliyetaka Nivue Soksi za Matairi

Asije mtu akaniambia kwamba nilikuwa nimechoka, au kwamba baridi ilinipanda kichwani. Nilikuwa timamu kama nilivyo sasa, ninapoandika haya hapa Tanga katika nyumba niliyoijenga kwa jasho langu. Nina stashahada ya ufundi wa magari. Niliipata London, nikifanya kazi mchana na kusoma jioni, bila mjomba wala shangazi wa kunishika mkono. Mtu wa namna hiyo haoni vitu visivyokuwepo. Nilichokiona Harrow, huko huko London, nilikiona.

Nilikuwa dereva wa kampuni ndogo iliyokuwa Hayes, magharibi mwa London. Tulipeleka mitungi ya oksijeni majumbani kwa wagonjwa. Theluji ilipotangazwa, bosi alituletea minyororo ya kufunga kwenye magurudumu. Magari ya wenzangu yalikuwa na matairi ya kawaida, yakaipokea vizuri. Langu lilikuwa na matairi makubwa yaliyojaza nafasi yote chini ya madigadi. Nikalala chini nikapima. Kati ya tairi na shokapu kidole kilipita kwa shida. Mnyororo ukizunguka pale utakata paipu ya breki, na habari hiyo utaipata ukiwa mlimani. Nikamwambia bosi sifungi. Nikachagua soksi za matairi, vitambaa vigumu unavyoyavisha magurudumu ya mbele, yale yanayovuta gari. Vinang'ang'ania theluji wala havigusi kitu kwa ndani. Ukifika kwenye lami tupu unavivua, la sivyo vinachanika.

Wekesa, dereva mwenzangu Mkenya, alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Fundi, kwani hii gari inasikia baridi? Umeinunulia soksi. Usisahau kofia."

"Cheka," nikamwambia. "Ukikwama utanipigia simu."

Siku hiyo hiyo Bi Nirmala akanipigia. Ni mama wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kinaweza kukuaibisha. Anaishi Harrow, juu kabisa kilimani, na mumewe anapumua kwa mtungi.

"Mwanangu, mshale wa mtungi umeingia kwenye nyekundu," alisema. "Watu wa gari la wagonjwa wamesema nisubiri. Nisubiri nini? Baba yako ameanza kubadilika midomo."

"Nakuja, Mama."

"Njoo, lakini usije ukajiua."

Nilipofika chini ya kilima giza lilikuwa limeshaingia, maana London wakati wa baridi jua huaga watu wakiwa bado kazini. Barabara kuu ilikuwa imemwagwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Ile ya kupanda juu ilikuwa nyeupe tupu. Nikavisha soksi zangu. Nilipomaliza, vidole havikuweza kushika usukani, nikakaa ndani, nikawasha hita, nikatafuna chapati niliyofunga asubuhi huku mikono ikipata moto.

Ndipo nikamwona amesimama karibu na tairi, akilitazama. Mtu mweusi kama mimi, shati la mikono mifupi, ndala miguuni. Ndala, kwenye theluji ile. Je, wewe ungefanya nini, mdomo umejaa chapati na mwenzako amesimama kwenye baridi? Nilifanya kile nilichofundishwa kabla sijajua kusoma.

"Karibu," nikasema.

Sasa, wewe na mimi tunajua jibu lake. Mtu husema asante, starehe, akaenda zake. Yule hakusema hivyo. Alisema, "Nimekaribia," na alikuwa ameshakaa kiti cha kushoto. Mlango sikuusikia. Na niamini, gari lile ukiweka hata mfuko wa viazi kwenye kiti hicho linapiga kelele ufunge mkanda. Halikulia.

Akamega chapati yangu, akala. Mimi nikaondoa gari, kwa sababu mzee wa watu alikuwa anakosa pumzi na sikuwa na nafasi ya kuogopa.

Tulipofika katikati ya mlima magurudumu yakaserereka kidogo. Akaniinamia sikioni.

"Msomi, kitambaa kinashika barafu wapi? Simama uvue. Mimi nitashuka nilizuie gari kwa nyuma."

Sauti yake ilikuwa tamu. Nakiri mguu wangu ulikwenda kwenye breki. Nikatazama kioo, nikaona mteremko mzima nyuma yangu hadi barabara kuu, na mabasi yanapita.

"Vua, ndugu yangu. Ulinikaribisha mwenyewe."

Hapo nilichemka. Sikusoma usiku na mchana ili mtu mwenye ndala anifundishe tairi nililolipima mwenyewe.

"Nilikukaribisha chakula," nikamwambia, bila kumtazama. "Safari sikukukaribisha. Umeshakula. Shuka."

Kisha akacheka pole pole, na kiti kikawa kitupu, mlango umefungwa kama ulivyokuwa. Nikakanyaga mafuta taratibu, soksi zikauma, gari likapanda.

Bi Nirmala alikuwa mlangoni. Tukabadilisha mtungi, nikasimama pale mpaka mzee akarudiwa na rangi. Ndipo mama akasogea dirishani.

"Yule uliyemshusha pale mlimani, mbona ana shati tu? Anatazama huku. Ngoja nimwite apate chai."

"Mama," nikasema, "usimwite."

Alinitazama usoni, kisha akashusha pazia bila kuuliza. Wakati wa kushuka nilikagua theluji pale nilipomfukuza. Palikuwa na alama za matairi yangu peke yake.

Tangu siku ile sikio langu la kushoto ni baridi. Tanga yote inatoka jasho, sikio hilo ukiligusa ni kama umetoa kitu kwenye friji, na halisikii. Madaktari wa London walilipima, wa hapa wakalipima, wote wakasema ni zima. Wako ndugu wanaonishauri niache tabia ya kukaribisha watu nisiowajua. Siachi. Siwezi kula nimempa mtu kisogo kwa ajili ya yule. Ila nawe unayesoma, kama utakuwa ugenini na mtu usiyemjua amesimama karibu yako, taja unachomkaribisha: chai, chapati, kiti. Kisha funga mdomo. Neno ukiliacha wazi, yuko atakayeingia nalo mpaka ndani, na si kila mtu ana ubishi wa kumshusha.