Bahiya na Kijiwe Kinachogeuka

Bahiya binti Thuwaini, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, alikuwa Ujerumani akisomea uzamivu wa fizikia. Kazi yake ilikuwa kuvizia fuwele, kijiwe chembamba kuliko ukucha, ambacho kikiwa baridi huzuia umeme, kikipigwa mwanga wa leza huupitisha. Je, ni joto tu linalokigeuza, au chembe zake huhama kwanza? Kila leza ilipopiga, mmweko wa eksirei ulifuata na kuacha kwenye picha madoa yanayoonyesha chembe zilivyojipanga. Picha zilifika maelfu.

Mwaka 2008 mamake, Bi Rasha, akapatwa na kiharusi. Bahiya alirudi Unguja kumuuguza, picha zake zote zimo kwenye kompyuta ya mkononi. Hata hajatua vizuri, umeme ukakatika kisiwa kizima, usirudi kwa wiki kadhaa. Katika giza hilo mwalimu wake wa Ujerumani akapiga simu.

"Wenzetu wanasema ni joto tu. Kama huna jibu, kazi hii tuiache."

"Siiachi," alisema Bahiya.

Tatizo alilijua. Mara eksirei iliwahi, mara ilichelewa, hata picha za mwanzo zikachanganyika na za baadaye. Ilibidi kila moja irudishwe kwenye wakati wake wa kweli. Kazi hiyo haifanywi bila kompyuta, na yake ilikuwa imekufa chaji.

Akaenda mtaa wa Ng'ambo kwa Gharib, seremala mwenye jenereta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Anaendelea. Nnaomba unichomekee waya mmoja tu."

"Mashine zangu zikinguruma, utaweza kufikiri?"

"Ntaweza."

Gharib akamsogezea benchi.

Basi kila asubuhi Bahiya alimlisha mama uji, akamnyoosha vidole vilivyokakamaa, akamwacha na dadake Shemsa. Karakanani unga wa mbao ulimjaa machoni. Hesabu zikamharibikia, akazianza tena.

Adhuhuri moja mama alimwuliza, kwa ulimi mzito, "Hiyo eksirei ndiyo waliyonipiga mie?"

"Ndiyo, mama, ila yetu inavizia kijiwe kikigeuka."

"Kinaumia?"

Bahiya akacheka, mara ya kwanza tangu arudi.

Picha zilipokaa sawa, doa moja lilionekana kufifia mwanzoni kabisa, kabla joto halijapata nafasi ya kuenea. Chembe zilihama kwanza! Hakushangilia. Alihesabu upya kwa njia nyingine, jibu likawa lile lile. Ila aliona pia kwamba mambo aliyoyadai juu ya picha za baadaye yalikuwa ya joto kweli, kama walivyosema wenzao. Yalimuuma, maana aliyahangaikia mwaka mzima. Akayafuta, akatuma yaliyobaki.

Mwalimu alisoma, akapiga simu: "Hili litasimama."

Likasimama. Bahiya alirudi Ujerumani kumaliza, kisha akaja kufundisha fizikia chuo kikuu, huko Tunguu. Siku aliyorejea, Bi Rasha alimpokea mlangoni kwa mkongojo.

"Ushamaliza?"

"Nshamaliza, mama."

"Haya, ingia ule."