Kitambaa Juu ya Sola

Mpaka leo nikiona satini ya kijani nageuza uso.

Nilikuwa nesi wa zahanati moja huku Kasoli. Friji letu la chanjo lilikuwa la mafuta ya taa, kuta nyeusi kwa moshi, na mafuta yakiisha ni mimi na baiskeli hadi Bariadi mjini. Walipotufungia sola na friji jipya, jamani, nilifurahi! Friji la zamani wakalibeba. Miezi kadhaa sola ikafanya kazi, haina moshi wala kelele.

Kumbe ilikuwa bado haijazinduliwa. Mtendaji wa kijiji akaja na mafundi na ngazi, wakafunika paneli zote kwa satini ili mgeni rasmi aje azifunue mbele ya kamera.

"Mtendaji, friji hili linategemea jua, halina betri," nikamwambia. "Surua iko kijiji cha jirani. Chanjo zitaharibika."

"Nesi, usituharibie shughuli. Mgeni anakuja kesho."

Kesho hakuja. Kesho kutwa hakuja. Barafu ya akiba ndani ya friji ikayeyuka. Jua la Simiyu linapasua vichwa, na sisi tumeivalisha sola shela la bi harusi! Upuuzi mtupu. Ningeweza kumwomba jirani apande akivute kile kitambaa. Niliogopa kuitwa mkorofi.

Siku ya nne mgeni akafika na msururu wa magari, na jenereta ya dizeli ya kuendeshea spika, ikitutemea moshi usoni. Akahutubia habari za hewa ya ukaa: kwamba dunia itapona ikiacha mafuta na makaa ya mawe ikashika jua, na kwamba zahanati yetu imeshaanza. Maneno yenyewe ni ya kweli, ndiyo maana yalinichefua zaidi. Akavuta kamba, kitambaa kikaanguka, vigelegele vikapigwa. Nami nilipiga makofi. Ptu!

Walipoondoka nikafungua friji. Alama za kupimia joto kwenye vichupa zilikuwa zimegeuka rangi, vyote vya kutupa. Mlangoni alisimama mama aliyetembea tangu alfajiri, mtoto wa miezi tisa mgongoni, ananinyooshea kadi ya kliniki.

"Mayu, mama yangu, rudi mwezi ujao," nikasema nikiipokea. "Chanjo ya surua imeharibika, friji lilikosa umeme."

Akatazama paneli zinavyong'aa juu ya bati, kisha akanitazama mimi.

"Nesi, si ndiyo wamezindua umeme sasa hivi?"

Nikamrudishia kadi yake bila kuandika kitu.