Mwanamke wa Kwenye Ramani

Wake za watu huwaonea wivu majirani, wafanyakazi wenza wa waume zao, au binti anayepita na sketi yake. Bi Pindo alimwonea wivu mwanamke wa wino, asiyezidi kimo cha kidole gumba.

Alikuwa fundi cherehani karibu na lango la chuo kikuu, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo lake halikufumuka hata nguo yenyewe ikichakaa. Mumewe waliyemwita Rula, kwa wembamba na unyoofu wake, alikuwa mchoraji ramani katika ofisi ya majengo ya chuo. Mwaka ule chuo kilikuwa kinajenga maktaba ya orofa nne, na Rula hakuwa na habari nyingine. Akila, maktaba. Akivua viatu, maktaba. Mkewe alivumilia, maana jengo halivai hereni.

Siku moja Rula alileta michoro nyumbani aimalizie mezani, kwenye ile karatasi ngumu inayopitisha mwanga. Bi Pindo alipoinama kumwekea chai, akaona mwanamke amesimama mlangoni mwa maktaba na mkoba wake. Akafunua karatasi ya pili. Yuleyule, kwenye dirisha la ngazi, ameegemea fremu. Ya tatu, yupo tena, na kiuno kimekaa vizuri kweli.

"Huyu nani?"

"Nani?"

"Huyu aliyehamia kwenye maktaba yako."

Rula akacheka. "Huyo kipimo tu, mke wangu. Mtu akimwona anajua jengo lina urefu gani."

"Na mwanamume hawezi kuwa kipimo?"

"Anaweza."

"Basi mbona humchori?"

Rula akainamia chai yake, na mume akijificha kwenye kikombe mbele ya mke mwenye wivu, kwisha habari yake.

Bi Pindo akampelekea kesi wifi yake, dada mkubwa wa Rula, mtu ambaye kwa jirani kukiwaka moto yeye huja na kuni. "Wifi yangu, mimi simo," alisema, na hapo hapo akaingia mzimamzima. "Lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja. Pale ofisini, chumba cha kunakilia ramani, si kuna mwanamke mmoja mrefu? Na mkoba anao." Utadhani mji mzima mwenye mkoba alikuwa mmoja.

Kesho yake Bi Pindo akampelekea mumewe chakula cha mchana kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Mlango wa chumba cha kunakilia ulifunguliwa na huyo huyo mrefu. Chumba kilinuka ile dawa ya mashine inayowasha macho, na Bi Pindo akaitambua mara moja: ndiyo harufu ya mashati ya mumewe.

"Karibu, wifi! Kaka yuko juu."

Wifi? Tangu lini? Huyo kaka walitoka naye tumbo gani? Bi Pindo akatabasamu kwa meno. Juu ya meza kulikuwa na mkoba wa kahawia, kama nusu ya mikoba ya sokoni, lakini kwake ulikuwa ni ule ule.

Akarudi nyumbani mgonjwa. Aliwaza vidole vya mumewe vikizungusha kile kiuno taratibu kwa kalamu nyembamba, vidole ambavyo kwake siku hizi vilinyooshwa kupokea chai tu.

Jumapili, Rula alipokwenda kunyoa, Bi Pindo akachukua wembe. Wachoraji hukwangua wino kwa wembe, alishamwona mumewe akifanya hivyo, na yeye mwenyewe hufumulia nguo kwa wembe kila siku. Akamfumua mwanamke wa mlangoni. Akamfumua na yule wa tatu. Wa dirisha la ngazi alimsumbua, maana alikuwa ameshikana na fremu, wakatoka wote wawili, mwanamke na dirisha. Sasa fundi gani anaacha tundu? Akachukua kalamu ya mumewe, akaunganisha mistari ya matofali pale palipobaki wazi, kwa usafi wa pindo zake. Rula aliporudi alikuta mke anacheka, baada ya wiki nzima ya kununiwa. Kwa furaha hiyo hakukagua chochote. Jumatatu akaikunja michoro na kuipeleka ikanakiliwe.

Dirisha lile lilikuwa katikati ya orofa mbili, pale ngazi zinapopinda, na ramani za sakafu hazikulionyesha. Lilikuwa kwenye mchoro wa ukuta peke yake. Waashi wakajenga walichopewa. Siku ya ukaguzi msanifu mkuu alipanda ngazi, akasimama gizani saa sita mchana, akauliza nani amezima jua.

Kumbukumbu zote za ujenzi zikafunguliwa. Rula akaitwa, akaiinua ile karatasi kwenye mwanga, akaona palipokwanguliwa na jinsi palivyozibwa. Mkono ule wa pindo alikuwa akiuvaa mwilini miaka yote ya ndoa.

"Ni mimi," akawaambia.

Jioni alimsimulia mkewe yote hayo bila kupandisha sauti. Bi Pindo akapiga magoti, akalia, akamtaja yule mwanamke mrefu. Rula akamwinua.

"Yule wa kwenye ramani nilimkuta ofisini," alisema. "Wachoraji wote tunamfuatisha kwenye kibao kimoja chenye umbo lake. Yupo tangu sijaajiriwa."

Mchoraji anayeziba dirisha haaminiwi tena kalamu. Walimhamishia chumba cha kunakilia, chini ya mkuu wa chumba hicho, yule yule mrefu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mwanzoni alirudi, akala, akalala. Kisha akaanza kurudi na hadithi: leo mashine imemeza karatasi, leo yule dada kamjibu mkaguzi hivi na hivi. Alizisimulia huku akicheka peke yake. Bi Pindo alisikiliza huku wivu ukimtafuna mifupa, na hakuwa na uso wa kuuliza neno. Chuo kizima kilikuwa kinapanda zile ngazi kwa kupapasa ukuta na kumlaani mchoraji, na mchoraji alikuwa amebeba lawama kwa ajili yake.

Mpaka jioni moja, akifua, akakuta shati la mumewe lina kifungo kilichoshonwa kwa uzi ambao hajawahi kuununua.

"Hiki nani kakushonea?"

"Kilidondoka kazini. Akanisaidia."

"Unampenda?"

Rula alikaa kitandani, akalishika shati.

"Ungeniuliza siku ile ya ramani, ningecheka," alisema. "Leo usiniulize."