Gari Lililompeleka Shangazi Muheza

Pikapu ya baba ilinuka petroli na mapeasi. Harufu hiyo ilikuwa imezama kwenye viti, na hata ukungu wa Lushoto ulipoingia dirishani asubuhi haukuiondoa. Baba alilima mboga na matunda upande wa Irente na kuyashusha sokoni Korogwe, na mwaka ule wote gari lilikuwa na maradhi yasiyoeleweka. Kwenye kona za mlimani lilikwenda taratibu bila shida. Lakini tukishapita Mombo, kwenye lami iliyonyooka, baba akikanyaga mafuta lilianza kukohoa, likarukaruka, kisha likazima. Tukikaa kidogo kando ya barabara, liliwaka kana kwamba halijawahi kuumwa. Fundi alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akaweka chujio jipya la mafuta. Halikupona.

Mimi sikuona ubaya. Kila lilipotuzimikia, shangazi Zaina, mdogo wake baba aliyenilea tangu mama afariki, alitandika kanga kivulini akanisimulia habari za utoto wao, huku baba akizunguka boneti na kugomba kwa Kishambaa, maana akiwa na hasira Kiswahili hakikumtosha. Nilimjua shangazi yangu pale kando ya barabara kuliko nilivyomjua nyumbani, ambako kazi hazikumwachia nafasi.

Kisha akaposwa na mtu wa Muheza. Siku ya ndoa, baada ya nikahi nyumbani kwetu, bwana harusi na watu wake walitangulia kwa basi dogo la kukodi. Sisi watatu tulifuata na godoro na masufuria ya bibi harusi. Kabla ya Korogwe, katikati ya mashamba ya mkonge, gari likazima. Likawaka, likaenda kidogo, likazima tena. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na huko Muheza chakula kilishapikwa. Baba aliketi kwenye bampa akashika kichwa.

"Watasema nimekataa kukutoa," alisema.

"Kaka, naomba ufungue kifuniko cha tangi," shangazi akajibu.

"Mafuta yamo. Si tumejaza Mombo?"

"Sisemi hayamo. Jana nilipokushikia faneli, ulipokifungua kilivuta hewa kwa nguvu. Nadhani tangi halipumui."

Baba alitaka kubisha, lakini alikwenda akakifungua. Tukasikia hewa ikiingia kwa mlio mrefu. Kitundu kidogo cha hewa kwenye kifuniko kilikuwa kimezibwa na uchafu; bila hewa kuingia tangini, mafuta hayakufika ya kutosha kwenye injini. Shangazi alichomoa pini kwenye ushungi wake, baba akakizibua, tukaondoka. Alikanyaga mafuta kwa woga, kisha akakanyaga zaidi. Gari lilikwenda bila hata kukohoa.

"Mwaka mzima naisingizia injini," baba alisema, akacheka peke yake.

Mimi nililia. Nilikuwa nimeelewa kwamba sasa hakuna kitakachotuzuia kufika. Shangazi alinivuta kifuani. "Muheza si mbali, mwanangu. Gari limepona, utakuja kila likizo." Sauti yake haikuwa imara, naye aliendelea kutazama barabara. Tulifika kabla ya magharibi, akapokewa kwa vigelegele. Wakati wa kurudi nilikaa katikati, karibu na baba, ingawa kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.

Baba hayupo tena, na pikapu iliuzwa vyuma chakavu. Gari langu likiwa na hitilafu, fundi huchomeka kompyuta, nayo ikamwambia kinachouma. Natoka Lushoto asubuhi, nakula chakula cha mchana kwa shangazi Muheza, na jioni nimerudi nyumbani. Njiani sisimami popote. Vituo vya mafuta vyote kati ya Mombo na Korogwe navijua, lakini kivuli sikijui hata kimoja.