Ukuta Usio na Alama

Jirani yangu Fundi alikuwa seremala, na nyumba aliyokuwa akiiuza aliijenga kwa mikono yake, juu kabisa kilimani. Kutoka mlangoni mpaka barabarani ni ngazi tupu. Wakati wa ujana wao ngazi zile zilikuwa sifa: hewa safi, na mji wote unauona ukiwa umekaa barazani. Kisha mkewe akapata kiharusi, upande wa kushoto ukapooza, na nyumba nzuri ikageuka gereza.

Mkewe nilimwita dada, ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Tulikuwa tumeazimana chumvi kiasi kwamba hakuna aliyejua tena nani anamdai mwenzake.

Dada alipotoka hospitali, Fundi hakulia mbele ya watu. Aliingia kwenye karakana yake akatoka na vishikio: mbao ndefu za mviringo, amezipiga randa na msasa mpaka zikateleza kiganjani. Akazifunga ukutani kwa skrubu, kuanzia kitandani, kupitia ukumbini na jikoni, mpaka chooni. Dada akawa anatembea. Polepole, mguu ukiburuta, mdomo ukiwatukana wote wawili, mguu na Fundi, lakini anatembea. Chai yake alipika mwenyewe. Kilichobaki kumtesa ni zile ngazi za nje.

"Mdogo wangu," aliniambia, "nataka kutoka mlangoni kwa miguu yangu, nisimame barabarani nisengenye watu kama binadamu wengine."

Fundi akamwahidi. Watauza, watanunua kijumba bondeni, mlango wake uwe sawa na barabara, atoke na kuingia apendavyo. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kuuza, hakuna nyingine.

Bahati mbaya soko la nyumba lilikuwa limelala fofofo. Mtaa wetu peke yake ulikuwa na mabango ya kuuza nyumba kila kona, mengine yamepauka kwa jua. Ndipo akaletwa dalali mmoja kijana, tuliyembatiza Viatu, kwa jinsi vyake vilivyong'aa hata siku za tope. Alizunguka vyumba mikono ikiwa nyuma kama mkaguzi wa shule, kisha akasimama ukumbini akatikisa kichwa.

"Mzee, nikwambie ukweli? Nyumba yako inanuka ugonjwa."

"Inanuka nini? Nimepiga deki asubuhi hii."

"Sisemi pua, nasema macho. Mtu akiingia tu anaviona hivi vigongo ukutani, anafikiria mgonjwa, anafikiria msiba, anaondoka. Soko likiwa zuri angevumilia. Sasa hivi watu wanachagua nyumba kama wanachagua nyanya. Vitoe. Ziba matundu, paka rangi nyeupe. Na mama, samahani sana mama, wageni wakija asiwepo."

Nilikuwepo, nimeshika bakuli lao nililokuja kulirudisha.

"Na wewe tukutoe tukuweke wapi?" nikamuuliza.

Dada alicheka, kicheko chake cha upande mmoja. Kisha akasema, "Toeni. Ni wiki chache tu." Alisema yeye mwenyewe, siwezi kumsingizia mtu.

Fundi akavitoa. Sasa mwanamume huyu hakujua kulipua kazi. Alijaza kila tundu, akapiga msasa, akapaka rangi, kisha akawa anapitisha taa ubavuni mwa ukuta akitafuta kivuli cha kosa. Akikiona, anaanza upya. Mwishowe hata mimi niliyevizoea vile vishikio nisingeweza kuonyesha vilikuwa wapi. Fundi akafurahi. Viatu naye akaleta maua ya plastiki, akaagiza maganda ya limau yachemshwe jikoni kila mgeni akija na taa ziwashwe mchana kweupe.

Wageni walikuja wachache. Dada alibebwa akaletwa kwangu, tukakaa naye karibu na cherehani yangu, tukitega sikio ukutani kama wezi. Alikuja bwana na bibi waliogonga kila ukuta kwa vidole na kuondoka wakigombana. Alikuja mama mmoja ambaye, naapa, alikuwa anazunguka nyumba za watu kama anayeangalia tamthilia. Aliyanusa maua ya plastiki akayasifia. Wote waliahidi kupiga simu. Kisha wakaacha kuja kabisa, na wiki chache zikawa miezi.

Nilimfuata Fundi. "Watu hawaji. Rudisha hata kile kishikio cha chooni."

"Nikikirudisha nitakitoa tena, na nikikitoa kitaacha alama. Ukuta uliozibwa mara mbili unajulikana."

"Nani ataujua?"

"Mimi."

Nilimpenda Fundi kama kaka yangu, lakini siku ile nilitamani kumrushia kitu.

Basi akawa anambeba. Kitandani kwenda kitini, kitini kwenda chooni, na mgongo wa Fundi si wa kijana. Dada akaanza kupunguza kunywa maji ili asimsumbue. Niligundua kwa kuona midomo yake imekauka. Alishinda kitini amevaa gauni lake zuri tangu asubuhi, kwa sababu Viatu alisema mteja anaweza kutokea wakati wowote. Nikimwuliza habari za mazoezi yake ya kutembea ananijibu, "Nitatembea bondeni, mdogo wangu. Huku juu nitembee niende wapi?" Mwanzoni alilisema kwa utani. Baadaye utani ukaisha, jibu likabaki lilelile.

Mnunuzi akapatikana siku ambayo hatukumtarajia. Viatu alimleta bwana mnene, amefika juu akihema na kufuta jasho. Fundi alikimbia kuwasha taa, maganda ya limau yakatupwa sufuriani, dada akaletwa kwangu mbiombio, kiatu kimoja kikabaki njiani. Yule bwana hakuingia. Alisimama uani, akapima kiwanja kwa macho toka pembe hadi pembe, akapigapiga udongo kwa kisigino, akautazama mji chini.

"Karibu ndani," Fundi alimwambia. "Uzione kuta."

"Kuta za nini, mzee? Hii naibomoa. Mimi nataka kiwanja."

Walikubaliana palepale. Viatu alimpa Fundi mkono, akasema, "Si nilikwambia, mzee?" Fundi alirudi ukumbini akaweka kiganja juu ya ule ukuta mweupe. Mimi nililia, na si kwa huzuni ya kuachana na majirani. Nililia kwa hasira.

Kule bondeni walipata nyumba ya vyumba viwili, mlango sawa na barabara kama alivyoahidi. Nilikwenda kuwasaidia siku ya kuhamia. Kitanda kilikuwa hakijaunganishwa, vyombo bado vimo kwenye maboksi, lakini vishikio vyote vilikuwa tayari ukutani, kutoka chumbani mpaka mlango wa nje.

"Haya, Bibie," Fundi akasema. "Barabara inakusubiri."

Tukamsimamisha. Mkono wake wa kulia ulidaka mbao, ukaikaza kwa nguvu zote. Kisha mguu wa kulia, ule mzima, ambao ugonjwa haukuwahi kuugusa, ukatetemeka na kukunjika chini yake. Tukamkalisha apumzike. Tukajaribu tena, na tena. Mara ya mwisho aliomba tumwache. Sauti yake ilikuwa ya upole, na mimi sikuwahi kumsikia dada akiwa mpole.

Baada ya siku kadhaa muuguzi wa zahanati ya pale alikuja kumwona. Alimbonyeza mapaja, yakawa yanaingia ndani kama mto uliopungua pamba. Akageuka akauliza mama alikuwa anatembea mpaka lini.

Fundi alikuwa amekaa kwenye boksi, mikono mapajani.

"Mpaka tulipoanza kuuza nyumba," akajibu.