Majivu Juu ya Kunde

Baba alipougua hakusema mengi. Siku aliyomwambia mama, "Usiliache shamba bila majivu," nilikuwa nimemshikia bakuli la uji, kwa hiyo nilisikia. Hakupona. Tangu siku hiyo mama hakupitisha asubuhi bila kumwaga majivu.

Shamba lenyewe lilikuwa matuta machache bondeni Jangwani, si mbali na chumba chetu cha Kariakoo. Tulipanda kunde, na mama akauza majani yake sokoni. Majivu ya jiko letu hayakutosha, akawa anayaomba kwa majirani na kwa mpika maandazi wa mtaa wa pili. Aliyatawanya kwa mkono, taratibu, kama anayelisha kuku, na midomo yake ikicheza. Sikumwuliza alikuwa akisema nini.

Mwaka wa pili majani machanga yakaanza kutoka ya manjano. Mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Majani ya chini, ya zamani, yalikuwa mazima. Mama akaongeza majivu, manjano yakazidi.

Sokoni, mwanamke aliyekaa naye jamvi moja alimtania. "Shoga, kunde zako umeshazitia bizari. Mnunuzi akachemshe tu."

Mama alicheka. Njiani kurudi, tulipokaribia nyumbani, alisimama.

"Baba yako hajaridhika nami," alisema. "Kuna kitu nakipunguza."

Usiku huo hakula, na kesho yake pia alikula kidogo sana. Mboga zikiharibika tungeweza kupanda nyingine. Hilo la baba sikuona tungelipanda wapi.

Bwana shamba wa serikali alikuwa akipita Jangwani na baiskeli yake. Mara tatu nilikusudia kumwita, sauti ikanikataa. Mara ya nne alipoiacha baiskeli ili akague mpunga wa jirani, niliweka jani la kunde juu ya kiti chake, nikasimama kando.

"Nani ananihonga mboga mbovu?" aliuliza aliporudi.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Kumbe mdomo unao."

Nikampeleka kwenye matuta. Aliokota bonge la udongo, akatoa ndimu mfukoni, akaikata na kuikamulia juu yake. Udongo ukatoa povu, ukachemka kidogo kiganjani mwake.

"Mnatia nini humu?"

"Majivu."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

Akaniambia kwamba udongo wetu haukukosa chuma, na mmea huhitaji chuma kidogo sana ili uwe kijani. Ila majivu yakizidi, kama povu lile lilivyoonyesha, chuma hicho hufungika, mizizi isiweze kukinywa. "Lakini hayo ni maneno yangu," alisema. "Mwulize mmea wenyewe."

Jumatano iliyofuata aliniletea chupa ya maji yaliyoyeyushiwa chumvi ya chuma. Akaniagiza nisiyamwage chini, maana nayo yangefungwa. Nipake nusu moja ya jani, nusu ya pili niiache. Nusu niliyopaka ikirudi kijani peke yake, basi ni chuma. Isipobadilika, tutafute sababu nyingine.

Nilipaka majani matano kwa unyoya wa kuku, nikayafunga uzi niyatambue. Kila jioni niliandika katika daftari langu la shule. Siku tatu za kwanza niliandika neno moja: Bado. Nakiri kwamba nilitamani libaki hilohilo. Likibadilika, itakuwa mama ameharibu kwa mkono wake kitu alichokitunza, tena kwa neno la mwisho la baba.

Siku ya sita nusu zilizopakwa zilikuwa kijani. Nusu za pili zilikuwa manjano vilevile, na mpaka ulipita katikati ya jani kama uliochorwa kwa rula.

Nilichuma moja, nikamwekea mama kiganjani, nikamweleza habari ya chupa na ya ndimu. Alilitazama sana.

"Kwa hiyo ni majivu."

Nilianza kuufungua uzi wa jani la pili.

"Nijibu, mwanangu. Nimekuuliza."

"Ni majivu, mama."

Akaketi juu ya tuta. Ndipo nikasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia kwa mara moja: kwamba bwana shamba aliuliza baba alitoka wapi, nikamwambia Uluguru, alikuja mjini na wapagazi wakati wa vita vya Mjerumani. Naye akasema udongo mwekundu wa milimani una ukali, na majivu huupoza. Kule ni dawa. Baba hakukosea.

Mama alilizungusha jani kwa kikonyo chake.

"Siku zile za mwisho, moyoni alikuwa amekwisha rudi kwao," alisema. "Na mimi nilidhani anaongea nami."

Asubuhi alichota majivu jikoni, akajaza debe kama kawaida, akalibeba hadi mlangoni. Akasimama hapo. Kisha akarudi uani, akaliweka karibu na sufuria za jana, akachovya kumbi la nazi katika majivu, akaanza kusugua. Midomo yake ilikuwa ikicheza.